Malaria, Kompyuta na Sifuri Niliyoiandika

Wiki mbili zilizopita nilikuwa nasahihisha kazi za wanafunzi wangu wa masomo ya jioni. Wengi wao ni watumishi wa umma: maofisa mipango, watakwimu wa halmashauri, wauguzi waliopanda ngazi wakawa waratibu wa programu za afya. Nilikuwa nimewapa jedwali la wagonjwa wa malaria katika zahanati 20 za kubuni, kwa muda wa miezi 24. Niliwataka watumie modeli ndogo ya kompyuta kukadiria kitakachotokea iwapo vyandarua vitagawiwa kabla ya mvua badala ya baada yake. Katika jedwali hilo niliacha kwa makusudi visanduku kadhaa vikiwa vitupu. Kazi 31 zilirudi mezani kwangu. Katika 22 kati ya hizo, visanduku vitupu vilikuwa vimejazwa sifuri, na mwandishi akaendelea na safari yake bila kusema neno.

Sikuwakemea. Nilikaa kimya na kalamu nyekundu mkononi, kwa kuwa kosa lile nalifahamu tangu zamani. Nimewahi kulitenda mwenyewe, tena si katika zoezi la darasani, bali katika kazi iliyohusu watu walio hai, baadhi yao wakiwa ndugu zangu wa damu. Nimelikalia jambo hili kwa miaka mingi. Leo nalisema, kwa sababu kizazi kipya cha watumishi kinaingia katika zama ambazo kompyuta itashiriki kuamua kijiji kipi kipate nini na kipi kisubiri. Nisingependa waingie humo na wepesi wa mkono kama niliokuwa nao mimi.

Mimi ni mtoto wa Bonde la Kilombero. Waliozaliwa kule hawahitaji kuelezwa malaria ni nini. Msimu wa kilimo ukifika, familia huhamia mashambani kuulinda mpunga dhidi ya ndege na nguruwe mwitu. Watu hulala katika vibanda vya miti na nyasi, wengine juu ya dungu, kwa miezi kadhaa, mbali na nyumba zao na mbali zaidi na zahanati. Bibi yangu aliitambua homa kwa majina mengi, lakini degedege kwake halikuwa homa. Lilikuwa jambo la mashetani, nalo lilihitaji mganga kabla ya hospitali. Nilikuwa na umri wa miaka tisa tulipomzika mdogo wangu. Hakuna daftari lolote la serikali lililoandika jina lake wala kilichomuua. Kwa upande wa takwimu, hakuumwa na wala hakufa.

Sikujua wakati ule kwamba bonde letu lilikuwa tayari mashuhuri miongoni mwa wataalamu wa dunia. Maabara ya Waswisi ilifunguliwa Ifakara mwaka 1957, nayo ndiyo mzizi wa taasisi ya utafiti wa afya tunayojivunia leo. Katika kijiji cha Namawala, watafiti waliohesabu mbu karibu na mwaka 1990 walikadiria kwamba mtu mmoja aliumwa na mbu wenye vimelea zaidi ya mara 300 kwa mwaka. Ni takriban kila usiku. Hesabu hiyo, pamoja na nyingine za aina yake, ilikuja kuingizwa katika kompyuta zilizo mbali kabisa na mpunga wetu. Hapo ndipo simulizi langu linapoanza kukutana na hisabati.

Ndugu msomaji, usiogope neno modeli. Modeli ni hoja iliyoandikwa kwa namba. Unataja unachokiamini kuhusu jinsi jambo linavyokwenda, unaandika imani hiyo kwa ukamilifu kiasi kwamba hata mashine isiyo na akili inaweza kuifuata, kisha unatazama inakupeleka wapi. Ikikupeleka mahali ambapo dunia haipo, basi mojawapo ya imani zako ni potofu. Huo ndio uzuri wake. Mtu anayebishana kwa maneno anaweza kuificha dhana yake katikati ya sentensi ndefu. Anayebishana kwa modeli analazimika kuiweka mezani, ikiwa tu wenzake watamtaka aioneshe.

Hisabati na malaria zilikutana mapema. Tarehe 20 Agosti 1897, huko Secunderabad nchini India, daktari wa jeshi aitwaye Ronald Ross aliona vimelea vya malaria ndani ya tumbo la mbu. Mwaka 1902 alipewa Tuzo ya Nobeli. Vitabu vya shule huishia hapo, lakini Ross hakuishia hapo. Alikabiliwa na wapinzani waliomwambia kwamba ugunduzi wake hauna faida, kwani nani awezaye kuua mbu wote? Akakaa chini na milinganyo. Katika kitabu chake cha mwaka 1910 kuhusu kinga ya malaria alionesha kwamba hakuna haja ya kuua mbu wote. Ugonjwa unaishi ikiwa kila mgonjwa, kwa wastani, anazaa angalau mgonjwa mwingine mmoja. Wapunguze mbu hadi chini ya kiwango fulani, nao ugonjwa utakatika wenyewe ingawa mbu bado wapo. Wazo hilo, ambalo leo kila aliyepitia janga la Uviko-19 amelisikia kwa sura moja au nyingine, lilizaliwa katika hesabu za mbu.

Katika miaka ya 1950 George Macdonald aliuliza swali jingine: katika maisha ya mbu, ni wapi tukigusa kidogo tutapata kikubwa? Nawapa wanafunzi wangu hesabu hii waifanye kwa penseli, nami nakuomba nawe uifanye. Mbu jike akinyonya damu yenye vimelea leo, hawezi kumwambukiza mtu kesho. Vimelea vinahitaji kukua ndani yake kwa siku kama 10 hadi 14, kutegemea joto. Tuchukue siku 12. Ikiwa kati ya mbu 100 wanaoiona asubuhi moja, 90 huiona asubuhi inayofuata, basi baada ya siku 12 watakuwa wamebaki kama 28. Sasa tuseme kuta zimepuliziwa dawa ukoko au watu wamelala ndani ya vyandarua vyenye dawa, na kwa sababu hiyo wanaoiona kesho ni 80 badala ya 90. Baada ya siku 12 watabaki 7. Tumepunguza uhai wa siku moja kwa kiasi kidogo, lakini mbu waliozeeka kiasi cha kuambukiza wamepungua mara nne. Ndiyo maana chandarua, kitambaa kile duni kinachotobolewa na watoto, kimeokoa roho nyingi hivyo. Mlinganyo ulilijua jambo hilo kabla ya viwanda kukitengeneza.

Hata hivyo, mlinganyo una kiburi chake. Mwaka 1955 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kampeni ya kuitokomeza malaria duniani, na kufikia mwaka 1969 lilikiri kwamba lengo hilo haliwezekani kila mahali kwa mkakati mmoja. Sehemu kubwa ya Afrika kusini mwa Sahara haikuwahi hata kuingizwa kikamilifu katika kampeni hiyo. Hapa kwetu, katika miaka hiyohiyo ya 1950, nyumba za Upare na za Taveta ng'ambo ya mpaka wa Kenya zilipuliziwa dawa katika mradi wa pamoja. Malaria ilishuka sana lakini haikukatika, na upuliziaji ulipokoma ikarudi polepole. Kule Garki, kaskazini mwa Nigeria, mradi mkubwa ulioendeshwa kati ya mwaka 1969 na 1976 ulipulizia dawa majumbani na katika baadhi ya vijiji ukawapa watu wote dawa za kumeza. Maambukizi yalipungua, lakini hayakukatika.

Garki ina somo ambalo nalipenda kuliko ushindi wowote. Wataalamu wake, akina Klaus Dietz na Louis Molineaux, walitunga modeli iliyozingatia kwamba mtu anayeumwa mara kwa mara hujenga kinga, kisha wakaipima modeli hiyo dhidi ya damu za wanakijiji, msimu baada ya msimu. Walikubali kwamba kijiji ndicho hakimu wa kompyuta. Naona wapo wengi siku hizi wanaofanya kinyume.

Modeli za leo zimekua. Mojawapo, iliyojengwa na watafiti wa Basel nchini Uswisi wenye udugu wa siku nyingi na Ifakara, huiga mtu mmoja mmoja. Ndani ya kompyuta mtoto anazaliwa, anaumwa na mbu, anapata homa, anapelekwa zahanati au hapelekwi, anajenga kinga, anakua au anakufa. Maelfu ya watoto wa namna hiyo huishi maisha yao yote kwa dakika chache. Kazi ilikuwa kubwa kiasi kwamba kwa miaka kadhaa watu wa kawaida wa nchi mbalimbali walijitolea kuziazima kompyuta zao za nyumbani zifanye hesabu hizo wakati wao wamelala. Namawala ni miongoni mwa vijiji vilivyoipa modeli hiyo data zake. Kila nikilifikiria jambo hili napata hisia mbili kwa pamoja: fahari, na mashaka. Nyumba ya mtu asiyenijua imetumia umeme wake kwa ajili ya bonde letu. Lakini je, mtoto wa ndani ya kompyuta anafanana na mdogo wangu?

Nchini mwetu matokeo ya kazi hizi si ya kinadharia. Takwimu za vituo vya tiba, za wajawazito wanaopimwa kliniki na za wanafunzi wa shule za msingi zimetumiwa kuzipanga halmashauri katika makundi: maambukizi ya chini sana, ya chini, ya wastani na ya juu. Kisha modeli zimesaidia kukadiria mchanganyiko upi wa hatua unafaa wapi. Ni jambo la busara. Tafiti za kitaifa zilionesha kwamba kati ya watoto wa miezi 6 hadi 59 waliopimwa, waliokutwa na vimelea walishuka kutoka takriban asilimia 18 mwaka 2007/08 hadi asilimia 7 mwaka 2017, na mwaka 2022 walikuwa asilimia 8. Wastani huo unaficha nchi mbili. Mtoto wa Arusha na mtoto wa Geita au Kigoma hawaishi na malaria moja, na kuwapa hatua zilezile ni kupoteza fedha kwa mmoja na kupoteza maisha kwa mwingine. Naunga mkono kupanga kwa takwimu. Nasema hivyo mapema ili asitokee mtu wa kunisoma kama adui wa sayansi.

Sasa nirudi kwenye sifuri yangu.

Zaidi ya miaka kumi iliyopita, nikiwa mwanafunzi wa uzamili, niliajiriwa kwa miezi miwili kusafisha data za wagonjwa wa malaria kutoka zahanati na vituo vya afya zaidi ya 100. Mwajiri wangu nisimtaje. Alikuwa mtu mwema na hatua zote zilikuwa zangu. Jedwali lilipaswa kuingizwa katika modeli ya makadirio, na modeli haikukubali visanduku vitupu. Muda ulikuwa umekwisha, nami nilikuwa nadaiwa ada. Nilitazama zahanati tatu zilizokuwa na nafasi tupu kuanzia Februari hadi Mei. Nikajiambia: hawakuleta kitu, kwa hiyo hapakuwa na kitu. Nikaandika sifuri mara 12, nikahifadhi, nikalala usingizi mzito.

Jina la zahanati mojawapo nililifahamu. Ilikuwa ng'ambo ya mto, kilomita chache kutoka kwa shangazi yangu. Nikaona vizuri kwamba hata huko malaria imeisha.

Miezi michache baadaye nilikwenda kumsalimia shangazi. Nikamkuta mjukuu wake, mvulana wa miaka minne ambaye awali alikuwa msemaji kuliko watu wazima, amekaa kivulini akinitazama bila neno. Shangazi akanisimulia: mwezi wa Machi mtoto alishikwa na degedege wakiwa shambani, wakambeba usiku hadi zahanati, na kutoka zahanati akapelekwa kwa rufaa hadi hospitalini, mto ukiwa umejaa. Alipona, lakini lugha ilikuwa ikimrudia taratibu kama mtu anayejifunza upya. "Tumshukuru Mungu, mwanangu," akasema shangazi, "wapo wenzake ambao hawakurudi."

Machi. Niliirudia Machi kichwani mwangu usiku kucha.

Kesho yake nilikwenda zahanati. Nesi aliyekuwepo alikuwa mama wa makamo, mtumishi pekee wa kituo kile kwa wakati ule. Nilimpa shikamoo, nikamweleza nasoma chuo na nafanya kazi na takwimu, nikamwomba anieleze habari za miezi ile. Hakunioneshea dharau. Alitoa kitabu cha MTUHA, akakifungua mezani. Ukurasa baada ya ukurasa, kwa mwandiko wake wa kunyooka, safu ya ugonjwa ilisomeka: homa, homa, homa, homa na degedege, homa.

"Vipimo viliisha Februari, vikaja Juni," alisema. "Tumeagizwa tusiandike malaria bila kipimo. Basi naandika homa."

Nikamuuliza kuhusu fomu ya mwezi, kile kisanduku cha wagonjwa wa malaria waliothibitishwa.

"Niliacha wazi. Ningeandika nini, mwanangu? Kuandika sifuri ungekuwa uongo."

Sikumwambia kwamba nilimwandikia mimi. Nilishukuru, nikaondoka. Mama yule, mwenye mshahara mdogo kuliko malipo yangu ya miezi miwili, peke yake katika kituo kisicho na vipimo, aliijua tofauti kati ya kutokujua na kutokuwepo. Aliilinda tofauti hiyo kwa njia pekee aliyokuwa nayo, yaani kuacha karatasi nyeupe. Mimi mwenye shahada ya kwanza na kompyuta ya kisasa niliifuta kwa kidole kimoja. Mjukuu wa shangazi yangu alikuwemo katika jedwali langu. Alikuwa sifuri.

Nilimwandikia mwajiri wangu na kukiri. Alinijibu kwa upole kwamba ripoti imeshawasilishwa, na kwamba zahanati tatu kati ya zaidi ya 100 hazibadilishi wastani. Alikuwa sahihi, nilipiga hesabu mwenyewe, na wastani haukusogea. Nikaupokea usahihi huo kama mtu anayepokea msamaha, nikalipa ada, nikanyamaza.

Ilinichukua miaka kuelewa kwa nini usahihi ule ulikuwa hautoshi. Modeli haikuwa ikitafuta wastani. Ilikuwa ikitafuta mahali. Na zile zahanati tatu hazikuwa tatu za bahati nasibu. Zote zilikuwa upande mmoja wa mto, katika njia ambayo gari halipiti mvua zikinyesha. Data hazipotei kama embe zinavyodondoka, hapa moja na pale moja. Zinapotea pale ambapo barabara inakatika, vipimo havifiki, na mtumishi ni mmoja. Yaani zinapotea palepale ambapo mbu ni wengi na mgonjwa yuko mbali na tiba. Ukijaza nafasi hizo kwa sifuri, hukosei kidogo katika kila eneo; unayatangaza maeneo mabaya zaidi kuwa ndiyo salama zaidi. Kisha modeli, kwa utiifu wa mashine, inapendekeza msaada upelekwe kwingine. Mwaka unaofuata mahali pale panakuwa pabaya zaidi, na karatasi inakuwa nyeupe zaidi.

Tiba ya kosa hili ipo na si ngumu. Kisanduku kitupu kiachwe kitupu. Zipo mbinu za kitakwimu za kukadiria kilichokuwemo kwa kutazama zahanati jirani, msimu, mvua, na idadi ya wagonjwa wa homa ambao hawakupimwa. Kadirio hilo huandikwa pamoja na upana wa shaka yake: huenda wagonjwa ni 40, huenda ni 200. Mtaalamu mwaminifu hupeleka shaka hiyo mezani kwa mwamuzi badala ya kuimaliza mwenyewe kimyakimya. Mwamuzi naye anapaswa kuwa na moyo wa kuipokea. Na hapa, ndugu msomaji, hisabati inakabidhi kijiti kwa siasa.

Sisi ni taifa lenye historia na visanduku vitupu. Mwanzoni mwa Mei 2020 wagonjwa wa Uviko-19 waliotangazwa nchini walikuwa 509. Baada ya hapo takwimu zikakoma kutolewa, na kwa zaidi ya mwaka mzima, katika majedwali ya dunia, Tanzania iliendelea kusomeka 509. Wapo waliochukua ukimya ule kuwa ushahidi kwamba ugonjwa haupo. Sikurudii jambo hili ili kuamsha mabishano ya zamani. Nalirudia kwa sababu lilikuwa sifuri yangu kwa kiwango cha nchi: kutokuhesabu kuligeuzwa kuwa kutokuwepo. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi naongeza kwamba maradhi yanaweza kufichwa pasipo mtu yeyote kukusudia kuyaficha. Inatosha fomu kutaka namba, bosi kutaka ripoti, na kijana kutaka ada.

Kuna upande wa pili wa siasa hii. Januari 2025 serikali ya Marekani ilisitisha misaada yake ya nje, na mfuko wake wa malaria, ambao umefanya kazi nasi tangu katikati ya miaka ya 2000, ukatikiswa pamoja na mengine. Wengi walizungumzia vyandarua na dawa. Wachache walitambua kwamba hata programu ya kimataifa iliyosaidia kuendesha tafiti za kaya, zile zilizotupatia asilimia 18 na 7 na 8, nayo ilisitishwa mwanzoni mwa mwaka huo. Tulikuwa tumeazima si kitanda tu bali hata macho. Taifa lisilogharimia kuhesabu wagonjwa wake litaendelea kuwa na modeli za kupendeza zilizosimama juu ya visanduku vitupu, na litauliza wengine lenyewe linaumwa nini.

Kwa hiyo nina maneno kwa makundi matatu yanayonisoma.

Kwa watumishi wa umma: msiogope nafasi tupu. Mkaguzi akiuliza kwa nini haijajazwa, andikeni sababu pembeni: vipimo viliisha, mto ulijaa, mtumishi alikuwa likizo. Sababu hiyo ni data, tena mara nyingi ina thamani kuliko namba. Na ninyi mlio juu, msimpime mganga mfawidhi kwa unadhifu wa fomu zake pekee. Mtu anayeadhibiwa kwa ukweli atajifunza kuandika sifuri.

Kwa wanaharakati: mtakapoambiwa kwamba kompyuta imependekeza jambo, msikubali kwa unyenyekevu wala msikatae kwa hasira. Ulizeni maswali manne. Mmedhani nini? Data zimetoka wapi? Zilipokosekana mlifanya nini? Na jibu linabadilika kiasi gani mkidhani tofauti? Modeli isiyoweza kujibu maswali hayo mbele ya wananchi haistahili kugawa mali ya wananchi.

Kwa wanafunzi wangu: jifunzeni hisabati hii kwa bidii. Mbinu hii ni kati ya zana za haki tulizo nazo, kwani bila yenyewe vyandarua vitaendelea kwenda kwa mwenye sauti kubwa. Lakini kabla hamjafungua kompyuta, nendeni mkakione kitabu cha MTUHA kimoja, mezani kwa mtu anayekijaza.

Zile kazi 31 nilizirudisha bila alama. Badala yake niliwapa kazi mpya: kila mmoja atafute, katika halmashauri anayotoka, kisanduku kimoja tu kitupu katika ripoti yoyote ya mwaka uliopita, na aulize kwa nini ni kitupu. Majibu yameanza kufika. Mmoja ameandika kwamba nesi alikuwa katika likizo ya uzazi na hakuna aliyemshikia nafasi. Mwingine ameandika kwamba fomu zilitumwa kwa basi, zikapotea njiani. Wa tatu amepata nafasi tupu inayoanzia mwezi wa Februari, na sababu yake ni vipimo.

Mvulana wa shangazi sasa yuko sekondari. Anazungumza polepole, lakini anazungumza, na anapenda hesabu. Nilipomtembelea mara ya mwisho aliniuliza kazi yangu hasa ni nini. Nikamwambia nafundisha watu kuhesabu wagonjwa. Akafikiri kidogo, kisha akauliza kama na yeye alihesabiwa.

Nimemjibu kwa kuandika makala haya.